Picha ya Ukutani: Ipi Yafaa Nyumba ya Muislamu, na Vipi Inunuliwe?

 

Ukuta wa nyumba husema. Mgeni akaribishwapo, kabla hajaletewa kahawa, macho yake huwa yamekwisha kuzunguka na kujua mengi katika khabari za wenyeji wake. Wazee wetu wa Lamu na Pate walilifahamu jambo hili, ndipo wakachonga zidaka katika chokaa, safu juu ya safu, wakapanga humo sahani za Kichina na vitabu vyao. Uzuri wa nyumba zao ulikuwa katika ukuta wenyewe, si katika kitu kilichotundikwa juu yake. Leo nyumba zetu nyingi hazina zidaka. Kuta ni za saruji, nyeupe na tupu, na mahali pa kidaka pameingia msumari na picha ya fremu.

Kwa sababu hiyo tumeonelea tulifanye somo letu la safari hii kuwa jawabu ya barua tuliyoletewa na ndugu yetu mmoja, mzaliwa wa Mombasa, ambaye kazi imempeleka Ruiri, katika nchi ya Meru, upande ule unaoelekea Isiolo. Jina lake hatulitaji, wala hapana haja.

SUALA

Ndugu huyu asema kwamba yeye na mkewe wamepanga nyumba ya mawe, ya kwanza tangu waoane, na sebule yake haina kitu ukutani. Mkewe ataka picha moja nzuri ya kuchapwa, iliyotiwa fremu na kioo. Yeye ashindwa kukata shauri, naye atuuliza mambo matatu. La kwanza: je, ni halali? La pili: ikiwa ni halali, picha gani yafaa? La tatu: mtu asiyejua kazi hiyo atanunuaje bila ya kudanganywa?

Khalafu mwisho wa barua ameongeza maneno ambayo kwetu sisi ndiyo mazito kuliko yote yaliyotangulia. Asema kwamba mkewe alihama na picha ya marehemu baba yake, ndogo, ndani ya fremu, akaitundika sebuleni. Yeye mume, baada ya kusikia waadhi mmoja, aliishusha bila ya kusema neno na kuifungia sandukuni. Tangu siku hiyo mkewe hamkatalii kitu wala hamgombezi, lakini hazungumzi naye ila kwa haja. Atuuliza: nani mwenye haki?

JAWABU YA KWANZA: HUKUMU YA PICHA

Yapasa kwanza tutenge vitu viwili ambavyo watu huvichanganya. Kuna picha ya kitu chenye roho, kama mtu na mnyama. Na kuna picha ya kisichokuwa na roho, kama mti, mlima, bahari, jahazi, jengo, na nakshi.

Hii ya pili wanazuoni karibu wote wameihalalisha. Imepokewa na Bukhari kwamba mtu aliyekuwa akijipatia riziki yake kwa kutengeneza sura alimwendea Ibn Abbas kumuuliza. Ibn Abbas alipomweleza onyo alilolisikia kwa Mtume (S.A.W.), mtu yule alifadhaika sana, basi akamwelekeza kwenye miti na kila kisichokuwa na roho. Tazameni namna ya mafundisho ya masahaba: hakumfungia mtu mlango wa riziki yake mpaka amemfungulia mwingine.

Ama picha ya chenye roho, hapo pana maneno. Bibi Aisha alitundika pazia lenye sura kufunika kijidaka cha nyumbani mwake. Mtume aliporudi safarini akaliona, uso wake ulibadilika, akalishusha. Bibi Aisha akalikata na kulifanya mto, na Mtume akawa akiuegemea. Katika khabari hii Maulamaa wengi wa madhehebu yetu ya Imamu Shafi, na miongoni mwao ni Imamu Nawawi, wamechukua hukumu kwamba sura ya chenye roho ikitundikwa mahali pa heshima haifai, iwe ina kivuli kama sanamu au haina. Na ikiwa mahali pa kukanyagwa au kuegemewa hapana ubaya.

Lakini si wote waliosema hivyo. Imepokewa pia kwamba Zaid bin Khalid, naye ni sahaba, alikuwa na pazia lenye sura mlangoni mwake, na waliokwenda kumtazama alipokuwa mgonjwa walipostaajabu, wakakumbushana kwamba katika hadithi mna neno la kutoa nakshi iliyo katika nguo. Na Kasim bin Muhammad, mjukuu wa Sayyidna Abubakar na mmoja wa wanazuoni wakubwa wa Madina, amepokewa kuwa aliiona nyepesi sura isiyokuwa na kivuli. Wanazuoni wengi wa madhehebu ya Imamu Malik wameihesabu sura ya namna hiyo kuwa ni makruhu, si haramu.

Kilipokuja chombo cha kupigia picha, khitilafu ilizidi. Sheikh Muhammad Abduh wa Misri, aliyefariki mwaka 1905, aliona kwamba picha ambayo haikhofiwi kuabudiwa, na ambayo ndani yake mna faida ya elimu, haiingii katika makatazo. Sheikh Muhammad Bakhit, aliyekuwa Mufti wa Misri na akafariki mwaka 1935, aliandika risala akasema kwamba picha ya kamera ni kivuli kilichozuiliwa tu, mfano wa sura ionekanayo katika kioo. Si kuumba wala kuiga kuumba. Wengine, na khasa wanazuoni wa Najd, wamelikataa neno hilo, wasiruhusu ila kwa dharura.

Tumeyaeleza haya yote ili msomaji ajue kwamba mas'ala haya yana wenye elimu pande zote mbili. Atakaye salama ya dini yake bila ya shaka, basi picha ya kisichokuwa na roho yamtosha. Na mwenye kufuata kauli nyepesi ana Maulamaa mbele yake. Jambo lisilofaa ni mtu kusikia kauli moja siku moja, akaifanya kuwa ndiyo dini yote, na kuichukua kama fimbo mpaka ndani ya nyumba yake.

KUHUSU PICHA YA MAREHEMU

Hapa ndipo tunapomjibu ndugu yetu juu ya lile la mwisho. Twasema: ana haki ya kushika kauli aliyoiona kuwa na nguvu, lakini hakuwa na haki ya kuishika namna ile.

Picha ya baba wa mtu si pambo. Binti anayeishi mbali na kwao, mahali ambapo hasikii lafudhi ya kwao ila kinywani mwa mumewe, akitazama uso wa baba yake hatazami karatasi. Kuishusha bila ya kumwambia ni kumfanya aone kwamba baba yake amefukuzwa katika nyumba yake. Mtume aliliondoa pazia, lakini Bibi Aisha alijua kwa nini limeondolewa, na kitambaa chake hakikupotea. Kiligeuka mto, kikabaki nyumbani na kazi yake. Mwenye kufuata Sunna katika kushusha na aifuate vile vile katika upole wa kushusha.

Basi ndugu yetu na aifungue sanduku, amrudishie mkewe amana yake mkononi, amtake radhi kwa kitendo, na amweleze sababu yake kwa utaratibu. Khalafu wakae wote wawili watafute mahali. Mahali hapo paweza kuwa ndani ya kitabu cha picha, au ndani ya kabati la mke mwenyewe, ambamo haitukuzwi ukutani na wala haikupotea. Kuhifadhi namna hii si sawa na kutundika na kutukuza. Na juu ya yote wamwombee marehemu, wamtolee sadaka. Maana dua humfika, na fremu haimfiki.

JAWABU YA PILI: PICHA GANI YAFAA

Tuanze na zisizofaa, kwa kuwa ndizo zilizozoeleka.

Katika nyumba nyingi za pwani imeonekana picha ya Buraki, mnyama mwenye mbawa na uso wa mwanamke mwenye taji. Picha za namna hii zilichapwa Misri na Bara Hindi na kuenea bandari zote. Twasema wazi: picha hii ni ya uwongo. Hadithi sahihi zimemtaja Buraki kuwa ni mnyama mweupe, mkubwa kuliko punda na mdogo kuliko nyumbu, aendaye hatua moja hadi upeo wa macho yake. Uso wa mwanamke umetoka wapi? Mchoraji ameubuni, na mtoto aukuao ukutani hukua akidhani ni dini. Mwenye nayo na aiondoe, kwa upole kama tulivyosema.

Zipo na fremu za aya za Kurani. Haya ni maandishi matukufu, na hati nzuri ni sanaa ambayo Waislamu wameitukuza karne nyingi. Lakini mwenye kutundika na ajiulize mambo mawili. Je, aweza kuisoma aya hiyo na kujua maana yake? Na je, ameitundika ili imkumbushe, au ili izuie jicho na mwizi? Ikiwa ni hili la pili, ameifanya hirizi yenye kioo. Aya ambayo wenye nyumba hawaijui, na iliyo juu ya televisheni iwakayo usiku kucha kwa ngoma, ni hoja juu yao, si baraka kwao.

Sasa twende kwenye zifaazo.

Kuna picha za Makka na Madina. Yafaa wasomaji wajue kwamba mtu wa kwanza ajulikanaye kupiga picha za miji hiyo alikuwa Muislamu, Muhammad Sadiq Bey, ofisa wa jeshi la Misri, aliyepiga Madina mwaka 1861 na Makka mwaka 1880. Nakala nzuri ya picha kama hizo, yenye kueleza mwaka na mpigaji, ina elimu ndani yake: mtoto huona jinsi Msikiti Mtukufu ulivyokuwa kabla ya majengo ya leo, na huuliza, na mzee hupata mlango wa kufundisha.

Kuna hazina yetu wenyewe ambayo wengi hawaijui. Katika mji wa Siyu, kisiwani Pate, karne ya 18 na ya 19 waandishi walinakili Misahafu kwa mkono na kuipamba pambizo zake kwa wino mweusi, mwekundu, na wa manjano, kwa nakshi zenye udugu na zile za milango yetu na za zidaka zetu. Chapa ya nakshi kama hiyo, au ya mlango wa Lamu, au ya msikiti wa kale wa Kilwa, ingeifaa sebule ya mtu wa pwani aishiye bara. Ingewaonyesha watoto wake walikotoka.

Wala mtu wa pwani asiitundike pwani peke yake kama kwamba nchi aliyomo haina uzuri. Aishiye Ruiri ana mlima ambao Wameru huuita Kirimaara, wenye urefu wa mita 5,199, nao huonekana asubuhi kabla ya mawingu kuufunika. Na upande mwingine ana vilima vya Nyambene. Picha ya mlima haina khitilafu ya wanazuoni, na jirani Mmeru aingiapo akauona mlima wake ukutani kwako, hujua kwamba hukuja nchini mwake kama mpita njia.

Tumeulizwa pia, ndani ya barua hiyo hiyo, juu ya chapa za michoro ya Joy Adamson, kwa kuwa jirani mmoja amemwahidi ndugu yetu zawadi ya mojawapo. Bibi huyu, mzaliwa wa dola ya zamani ya Austria na Hungaria, alikaa Isiolo, si mbali na Ruiri, ambako mumewe alikuwa msimamizi wa wanyama wa porini. Watu wengi wamjua kwa khabari za simba jike Elsa, aliyezikwa katika nchi ya Meru mwaka 1961. Lakini kabla ya simba alikuwa mchoraji: kwanza wa maua, na mwaka 1947 alipewa nishani ya dhahabu Uingereza kwa kazi hiyo; khalafu, kuanzia mwaka 1949, serikali ya kikoloni ilimwagiza achore watu wa makabila ya Kenya katika mavazi yao ya asili, kwa kuwa mavazi hayo yalikuwa yakitoweka. Alichora mamia, na nyingi zimehifadhiwa katika Makumbusho ya Taifa Nairobi. Aliuawa mwaka 1980 huko Shaba, karibu na Isiolo.

Hukumu yake yafuata tuliyoyaeleza. Chapa ya maua yake haina neno. Ama sura za watu, zina faida ya tarehe pasi na shaka, na mwenye kushika kauli nyepesi aweza kuziweka. Lakini azitazame kwa haya, maana baadhi yao hawakusitirika kwa kipimo chetu. Na ikiwa jirani amekuletea kwa mapenzi, usiirudishe kwa kumkunjia uso. Sayyidna Umar alipewa na Mtume joho la hariri ambalo halikumfalia kulivaa, akampelekea ndugu yake aliyekuwa Makka, naye hajasilimu bado. Basi zawadi hupokewa kwa shukrani, na isiyokufaa wewe humfaa mwingine. Udugu na jirani ni wajibu usio na khitilafu. Picha ina khitilafu. Usikivunje kisicho na shaka kwa ajili ya chenye shaka.

JAWABU YA TATU: NAMNA YA KUNUNUA

Hapa twaingia sokoni, na soko lina sharia yake. Mtume (S.A.W.) alipita penye chungu la nafaka, akatia mkono wake ndani, akakuta unyevu chini ya kavu, akamkemea mwenye mali kwa kuificha aibu. Mnunuzi wa picha naye na atie mkono, yaani asitazame kwa mbele tu.

Na ajue kwanza kwamba picha za kuchapwa ni za namna mbili. Namna ya kwanza ni ile ambayo msanii mwenyewe amechonga ubao au bamba la madini, au amechora juu ya jiwe, akapaka wino na kuchapa karatasi chache. Fani ya kuchapa kwa jiwe ilibuniwa na Mjerumani Alois Senefelder mwaka 1796. Katika nchi zetu, Peterson Kamwathi wa Kenya na Fred Mutebi wa Uganda wamejulikana kwa chapa za ubao. Karatasi za namna hii huandikwa kwa penseli, chini, hesabu kama 12/50, maana yake ni ya 12 katika 50 zilizochapwa, na jina la msanii kwa mkono wake. Namna ya pili ni nakala: mchoro au picha imepigwa kamera, khalafu ikachapwa na mashine, mia au elfu kama itakavyo. Nakala si haramu wala si aibu. Yaweza kuwa nzuri sana. Aibu ni kuuziwa nakala kwa bei ya asili.

Vipi utatambua? Chukua kioo cha kukuzia, kama kile cha fundi wa saa, utazame rangi. Ukiona vitone vidogo vidogo vilivyopangwa kwa safu, hiyo ni kazi ya mashine ya chapa ya vitabu. Usidanganyike kwa saini tu, kwa sababu saini nayo huchapwa pamoja na picha. Itazame kwa ubavu penye mwangaza, uone kama penseli imeacha alama katika karatasi. Na ujihadhari na wenye kuchana kurasa za vitabu vya picha, wakazitia fremu na kuziita chapa za zamani. Geuza: ikiwa nyuma mna maandishi ya ukurasa mwingine, umekwisha kujua.

Pili, uliza karatasi na wino. Karatasi ya bei rahisi ina asidi, nayo hugeuka manjano na kukatika. Iliyo bora ni ya pamba, au iliyoondolewa asidi. Wino wa mashine nao ni wa namna mbili: ule wa rangi iliyoyeyushwa, ambao jua huula upesi, na ule wa chembe za rangi zenyewe, ambao hukaa miaka mingi zaidi. Muuzaji mkweli hujibu suala hili. Asiyejua kabisa auzacho, ununue kwa bei ya asiyejua.

Tatu, itazame fremu. Karatasi isigusane na kioo. Baina yao pawe na ile karatasi nene iliyokatwa dirisha kuizunguka picha, nayo pia isiwe na asidi. Picha iliyobanwa na kioo, unyevu ukiingia, huganda nacho, na siku ya kuitoa hutoka nusu. Nyuma pazibwe sawasawa ili wadudu wasiingie, kwa kuwa wako wale wadogo wenye rangi ya fedha wanaokula karatasi na gundi. Ubao wa fremu uwe umekauka. Gonga, tazama vitundu, na unga wa mbao ukianguka usinunue, kwani utakuwa umebeba wadudu ukawaingiza nyumbani. Mwisho, mwombe muuzaji afungue nyuma uone pambizo za karatasi zilizofichwa. Huko ndiko liliko chungu la nafaka: madoa ya kutu, michirizi ya maji, na karatasi iliyokatwa.

Yafaa mara nyingi kununua karatasi peke yake na kumpelekea seremala wa mjini kwako fremu. Utajua bei ya kila kitu mbali mbali, na fundi jirani atapata riziki. Ukikuta aibu iliyofichwa baada ya kununua, sharia imekupa haki ya kurudisha. Basi taka hati yenye jina la msanii, namna ya chapa, na bei.

ISRAFU NA MKOPO

Picha ni pambo, na pambo huja baada ya haja. Kodi ya nyumba, karo ya watoto, dawa, na haki ya wazee waliobaki nyumbani Mombasa hutangulia. Mtu asijione fakiri kwa ukuta mtupu. Na akiwa nacho, hapana ubaya kutumia kwa kiasi. Mwenyezi Mungu hakutuharamishia uzuri, ametuharamishia kupita mpaka.

Siku hizi vitu huuzwa kwa kulipa kidogo kidogo. Tuseme picha ni shilingi 6,000 taslimu, nawe waambiwa ulipe 700 kila mwezi kwa miezi 12. Jumla ni 8,400. Wanazuoni walio wengi wamejuzisha biashara ya namna hii ikiwa bei moja imekatwa tangu mwanzo na haibadiliki. Lakini ikiwa kuna sharti kwamba ukichelewa deni litaongezeka, hiyo ni riba hasa, na hata bila ya riba umelipa 2,400 kwa kukosa kungoja. Weka 700 kila mwezi mwenyewe. Katika mwezi wa 9 utakuwa na 6,300, utanunua picha na zitabaki 300 za msumari na waya.

MAHALI PA KUTUNDIKA

Mtume aliwahi kusali akiwa na shuka yenye nakshi, na nakshi zile zikamshughulisha. Baada ya sala akaagiza irudishwe kwa Abu Jahm aliyempa, na badala yake aletewe nguo yake isiyokuwa na nakshi. Ikiwa hali ni hiyo kwake yeye, sisi je? Basi ukuta wa upande wa kibla, mahali mnaposalia, uacheni mtupu, hata kama picha ni ya mlima.

Kisha itundikeni mbali na jua la dirishani, na mbali na jiko na moshi wake. Katikati ya picha pawe karibu na usawa wa macho ya mtu mzima aliyesimama, kiasi cha sentimita 150 kutoka sakafuni. Wengi hutundika juu mno, mpaka mgeni akaumia shingo. Nyuma ya fremu, katika pembe za chini, tieni vipande vya kizibo ili hewa ipite kati yake na ukuta. Kwa mkaao pwani, unyevu na chumvi ndio adui. Kwa mkaao nchi kavu kama Ruiri, ni vumbi. Futeni kioo kwa kitambaa kilicholowa kidogo, wala msirushie maji juu ya kioo chenyewe, yasije yakapenya pembeni.

KHATIMA

Muhtasari wa somo letu ni huu. Picha ya kisichokuwa na roho ni halali. Picha ya chenye roho ina khitilafu, na mwenye hadhari huiepuka ukutani bila ya kumshutumu mwenye kauli nyingine. Picha ya uwongo katika dini huondolewa. Mnunuzi atazame nyuma kama atazamavyo mbele, na asinunue kwa deni la riba. Na haki ya mwanadamu aliye ndani ya nyumba, mke au mume au jirani, ni kubwa kuliko haki ya ukuta.

Twamwomba Mwenyezi Mungu azijaze nyumba zetu, za pwani na za bara, upole na maelewano, na atujaalie tusikie maneno na kufuata yaliyo mema zaidi. Wallahu aalam.